KWA NINI TUNAZIKA WATU WALIOONEKANA WAZIMA?

Somo kuhusu maradhi yasiyoambukiza katika Nyanda za Juu za Kusini



Padri wetu alituomba tuandike somo la afya kwa ajili ya vikundi vya nyumba kwa nyumba. Sisi si daktari. Tulikuwa mwalimu wa chuo cha ualimu kwa miaka mingi, na kazi ya mwalimu ni kusoma yale yaliyoandikwa na wenye ujuzi, kisha kuyaeleza kwa lugha ambayo kila mtu ataielewa. Lakini tulikubali kazi hii kwa sababu nyingine pia, nayo ni kifo cha mwenzetu mmoja. Ni vizuri tuanze na habari hiyo.

Mwenzetu huyo alikuwa mwalimu kama sisi. Alistaafu, akarudi kulima. Alikuwa mtu wa nguvu, mchekeshaji, na hakukosa ibada. Siku moja ya palizi alianguka shambani kati ya mistari ya mahindi. Mdomo ulikuwa umepinda, mkono wa kulia haukusogea, wala hakuweza kutamka neno. Jioni ya siku ya pili alifariki. Pale msibani maneno yalikuwa mengi. Wengine walisema ametupiwa kitu, kwa kuwa alikuwa na ugomvi wa mpaka na jirani. Wengine walisema ni siku zake tu.

Baada ya matanga kumalizika, mjane wake alituonyesha kadi ya hospitali iliyokuwa ndani ya sanduku. Miaka mitatu kabla ya hapo mwenzetu alipimwa akaonekana ana presha, akapewa vidonge vya mwezi mmoja, akaambiwa arudi. Hakurudi. Naye aliwahi kutuambia jambo hilo tukiwa njiani kutoka kanisani. Alisema, “Mwalimu, vidonge nimeviacha, maana sijisikii vibaya.” Sisi tulimjibu nini? Tulimjibu, “Tumshukuru Mungu, hata sura yako inaonyesha u mzima.” Tulisema hivyo kwa upendo, lakini tulisema kwa ujinga. Ndiyo maana tunaandika somo hili.

1. Zamani tulikufa kwa nini?

Ili kuelewa vifo vya siku hizi yafaa kwanza tukumbuke vya zamani. Baba wa Taifa alitufundisha kuwa maadui zetu ni watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Maradhi aliyoyataja yalikuwa hasa yale ya kuambukiza: malaria, surua, kuhara, kichomi, kifua kikuu. Nayo yaliwaua watoto zaidi ya watu wote.

Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 waliozaliwa hai, 155 hivi walifariki kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Hiyo ni karibu mtoto mmoja katika kila sita au saba. Wazee wetu hawakuhitaji hesabu hiyo kuandikwa. Waliijua kwa makaburi madogo yaliyokuwa nyuma ya nyumba. Utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa idadi hiyo imeshuka hadi 33 katika kila 1,000, yaani karibu mtoto mmoja katika kila 30. Bado ni wengi, lakini tofauti ni kubwa sana.

Kadhalika wastani wa kuishi umepanda. Miaka ya sitini Mtanzania aliyezaliwa alitarajiwa kuishi miaka 40 hivi. Sensa ya mwaka 1988 ilitaja 50. Na ile ya 2012 ilitaja 61 hivi. Hapa wanafunzi wetu walizoea kukosea. Walidhani kwamba zamani mtu akifika miaka 40 alikuwa mzee wa kufa. Sivyo. Tuchukue familia yenye watoto wanne. Wawili wanafariki kabla ya kutimiza mwaka, na wawili wanaishi hadi miaka 80. Jumla ni miaka 160. Ukigawanya kwa wanne unapata wastani wa miaka 40, ijapokuwa katika familia hiyo hakuna hata mmoja aliyekufa akiwa na miaka 40. Kwa hiyo wastani wa nchi hupanda zaidi pale watoto wanapoacha kufa.

Mabadiliko haya hayakuja yenyewe. Yalitokana na kazi za watu. Wenye umri wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Sisi tulikuwa watoto wa shule ya msingi. Watu wazima wapatao milioni mbili nchini walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza radio, wakasoma kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Mwaka 1975 ukafuata mpango wa chanjo za watoto wa nchi nzima. Na kuanzia mwaka 1983 hapa hapa Mkoa wa Iringa, ambao wakati huo ulikuwa pamoja na Njombe, Makete na Ludewa, ulianzishwa mpango wa lishe kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya Duniani, na fedha kutoka Italia. Watoto walipimwa uzito vijijini, wakaandikwa katika kadi, na kijiji chenyewe kikakaa kujadili kwa nini mtoto fulani hakui. Katika miaka michache watoto wenye utapiamlo mkali katika vijiji hivyo walipungua kutoka karibu 6 katika kila 100 hadi chini ya 2. Mataifa mengine yalikuja kujifunza kwetu.

2. Miaka ya majonzi

Kisha likaja pigo. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka ya tisini ugonjwa ukafika kila kijiji kilichokuwa karibu na barabara kuu. Huu haukuwachukua wachanga na wazee tu; uliwachukua watu wa miaka 20 hadi 50, yaani walimu, madereva, mama wenye watoto wadogo. Nyanda zetu ziliumia kuliko nyingi. Hata katika utafiti wa mwaka 2016 hadi 2017, mikoa mitatu iliyoongoza kwa maambukizi ilikuwa Njombe, Iringa na Mbeya.

Tangu mwaka 2004 Serikali ilipoanza kutoa dawa za kupunguza makali bila malipo, watu wengi waliokuwa wamekata tamaa wameishi na kulea watoto wao. Tunalitaja jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, linathibitisha kuwa mkulima wa kijijini anaweza kumeza dawa kila siku kwa miaka 20 bila kukosa. Mtu asiseme kwamba watu wetu hawawezi. Pili, wale waliookolewa sasa wanazeeka, na wanapozeeka wanapatwa na presha na kisukari kama watu wengine.

3. Maradhi gani yamekuja badala yake?

Maradhi yasiyoambukiza ni yale ambayo kwa kawaida hayatoki kwa mtu kwenda kwa mwingine. Makundi makubwa ni manne: maradhi ya moyo na mishipa ya damu, pamoja na kiharusi, kisukari, saratani, na maradhi ya kudumu ya mapafu, kama pumu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika nchi yetu karibu theluthi moja ya vifo vyote husababishwa na maradhi haya.

Msomaji anaweza kuuliza, “Je, si lazima kila mtu afe kwa kitu fulani? Ikiwa watoto hawafi tena kwa surua, si watakua wazee na kufa kwa moyo?” Swali hili ni zuri, na kwa sehemu ni kweli. Nchi yenye wazee wengi lazima iwe na maradhi ya uzee. Shida yetu ni kwamba hapa maradhi haya hayasubiri uzee.

Ushahidi wake ulipatikana nchini mwetu. Kuanzia mwaka 1992 Wizara ya Afya pamoja na wataalamu wa Uingereza waliendesha mradi wa kuchunguza vifo vya watu wazima katika sehemu tatu: Dar es Salaam, Hai na Morogoro vijijini. Kwa kuwa watu wengi hufia nyumbani bila cheti cha daktari, watumishi wa mradi waliitembelea nyumba iliyofiwa, wakawauliza ndugu kwa upole: Aliumwa siku ngapi? Alikohoa? Alivimba miguu? Alipooza upande mmoja? Madaktari wakayasoma majibu na kuamua kifo kilisababishwa na nini. Iligunduliwa kuwa watu wa umri wa kufanya kazi, miaka 15 hadi 64, walikufa kwa kiharusi mara kadhaa zaidi ya watu wa umri huo huo huko Uingereza. Wengi walishangaa, maana walidhani kiharusi ni ugonjwa wa Wazungu na matajiri.

Sababu yake ilikuwa nini? Katika miaka hiyo hiyo ya tisini watu wazima wa Ilala mjini na wa kijiji cha Shari huko Hai walipimwa presha. Kati ya waliokuwa nayo, wasiofika 20 katika kila 100 walijua kwamba wanayo. Waliokuwa wakitumia dawa walikuwa 10 hivi. Na wale ambao presha yao ilikuwa imetulizwa sawasawa hawakufika hata mmoja katika kila 100. Tusome tena hesabu hiyo polepole. Mwenzetu aliyeanguka shambani alikuwa mmoja wa wachache waliojua, naye pia alipotea kati ya kujua na kutumia dawa.

Mwaka 2012 upimaji wa nchi nzima uliwahusu watu wa miaka 25 hadi 64. Ilionekana kuwa 26 katika kila 100 wana presha, na 9 katika kila 100 wana kisukari. Tuihesabu ibada yetu ya Jumapili kwa kipimo hicho. Katika watu wazima 100 waliokaa kwenye mabenchi, 26 wana presha, na wengi wao hawajui.

4. Ugonjwa wenyewe hufanyaje kazi?

Vijiji vyetu vingi vina maji ya bomba yanayoteremka kutoka milimani bila mashine. Mafundi wa maji hujenga tangi dogo katikati ya mteremko ili kupunguza nguvu ya maji. Tangi hilo lisipokuwapo, nguvu huzidi. Bomba halipasuki siku ya kwanza, lakini maungio hulegea, kuta huchakaa, na usiku mmoja bomba hupasuka chini bondeni.

Presha ni nguvu ya damu katika mishipa. Moyo ndio pampu. Nguvu ikizidi kwa miaka mingi, mishipa hukakamaa na kuchakaa, moyo huchoka kwa kusukuma, na figo huharibika. Mshipa ukipasuka au ukiziba ndani ya ubongo, hicho ndicho kiharusi. Mpimaji husoma namba mbili: ya juu ni nguvu wakati moyo unaposukuma, na ya chini ni wakati moyo unapopumzika. Zikiwa 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, mtu huyo ana presha na anahitaji ushauri wa daktari.

Jambo la kushika sana ni hili: kwa kawaida presha haiumi. Watu husema, “Kichwa hakiniumi, basi presha sina.” Hilo ni kosa kubwa. Wengine husema wana presha ya kushuka au ya kupanda kwa kujisikia tu. Presha haijulikani kwa kujisikia. Hujulikana kwa kipimo.

Kisukari ni namna nyingine. Chakula tunachokula hugeuka sukari katika damu, na mwili unahitaji insulini, inayotengenezwa na kongosho, ili kuiingiza sukari hiyo mahali pa kazi. Insulini ikikosekana, au mwili ukiacha kuitii, sukari hubaki ndani ya damu na kuharibu macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu. Dalili zake ni kiu nyingi, kukojoa mara kwa mara, kukonda bila sababu, macho kuona ukungu, na vidonda visivyopona. Lakini wengi hawana dalili mpaka madhara yamekwisha kuingia. Mtu hukanyaga mwiba asiusikie, na kwa mwiba huo hukatwa mguu.

Saratani nayo ina jambo la kushangaza. Saratani ya mlango wa kizazi, ambayo inawaua mama zetu wengi, huletwa na kirusi kinachoambukizwa. Kwa hiyo inaweza kuzuiwa kwa chanjo, ambayo ilianza kutolewa nchi nzima kwa wasichana mwaka 2018. Tena hospitali na vituo vingi vya afya vinaweza kuigundua mapema kwa kipimo chepesi cha siki. Mama mwenye virusi vya UKIMWI yumo katika hatari zaidi, naye asikose kupimwa.

5. Kwa nini hapa kwetu?

Sababu ziko nyingi, na karibu zote zimo ndani ya nyumba zetu.

Kwanza, chakula. Baba zetu walikula ugali wa dona, maharage, mboga za majani na viazi vya kuchemsha. Sisi tunapenda sembe nyeupe iliyokobolewa, viazi vya kukaanga na soda. Kila msiba na kila harusi ni wali wa mafuta mengi. Chumvi tunaitia chunguni, kisha tunaiomba tena mezani.

Pili, miguu. Tulipokuwa wanafunzi tulitembea saa mbili kwenda shule. Siku hizi mtu hupanda bodaboda kutoka barabarani hadi dukani. Mkulima wa jembe bado anatumia mwili wake. Lakini mfanyabiashara, karani, dereva na mwalimu wanakaa kutwa.

Tatu, pombe na tumbaku. Ulanzi wa Iringa na komoni tunavijua, na sasa vimeongezewa pombe kali za bei ndogo. Wapo wanaopenda kutukumbusha kuwa Mtume Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo. Ndiyo, lakini alimshauri atumie kidogo, tena kwa ajili ya tumbo lake. Hakumtuma kilabuni tangu asubuhi.

Nne, moshi. Huku kwetu baridi ni kali, kuanzia Makete na Mufindi hadi Rungwe. Tunapika kwa kuni huku tumefunga mlango na dirisha. Mama na mtoto aliye mgongoni huvuta moshi huo kila siku ya maisha yao.

Tano, utapiamlo wa utotoni. Sababu hii wachache wanaifahamu. Mikoa yetu ni ghala la taifa. Hata hivyo utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mkoa wa Iringa uliongoza nchini kwa watoto wenye udumavu: karibu 57 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano, wakati kwa nchi nzima ni 30. Wataalamu wametambua kwamba mtoto aliyekosa lishe tumboni na katika miaka yake miwili ya kwanza, akija kunenepa ukubwani, hupatwa na presha na kisukari kwa urahisi zaidi kuliko mwenzake. Kwa hiyo uji mwepesi usio na maharage wala karanga anaopewa mtoto leo, wakati mama yupo shambani kutwa, unaweza kuwa chanzo cha kiharusi cha miaka 50 ijayo. Aliyeanza kampeni ya lishe mwaka 1983 hakuwa ameimaliza, na sisi tuliipumzisha mapema mno.

6. Maneno yanayotupotosha

“Amerogwa.” Kiharusi huja ghafla, na jambo la ghafla hutafutiwa mtu wa kulaumiwa. Mjane wa mwenzetu alikaa miezi mingi bila kusalimiana na jirani ambaye hakuwa na kosa. Ugonjwa ulimchukua mume, na neno la msibani lilitaka kumchukua jirani.

“Dawa ya presha ukiianza huiachi, kwa hiyo usiianze.” Ni kweli kwamba wengi wataitumia maisha yote. Hata chumvi hatujaiacha tangu utotoni, mbona hatuiogopi? Dawa haimfungi mtu. Ugonjwa ndio unaomfunga.

“Nimepona, nitaacha vidonge.” Presha iliyoshuka kwa sababu ya vidonge hupanda tena vikiachwa. Asiache mtu bila ruhusa ya daktari.

“Ninaombewa.” Tuombeane, maana tumeagizwa hivyo. Lakini Luka aliyeandika Injili anatajwa katika waraka kwa Wakolosai kuwa alikuwa tabibu. Sala na kidonge havina ugomvi. Anayeombewa aendelee kumeza dawa zake, na anayemwombea amkumbushe.

“Sina fedha.” Hili si neno la kudharau. Dawa za kila mwezi kwa maisha yote ni mzigo mkubwa kwa mkulima, na si kila zahanati inazo wakati wote. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Basi kila nyumba iulize kwa mtendaji wa kijiji jinsi ya kujiunga. Gharama ya vidonge ni kubwa, ila gharama ya kumuuguza aliyepooza ni kubwa zaidi.

7. Tufanye nini?

(a) Tupimwe. Kila mtu mzima apimwe presha walau mara moja kwa mwaka, hata akiwa mzima. Mwenye zaidi ya miaka 40, mwenye mwili mnene, au mwenye ndugu wa kisukari, apimwe na sukari pia. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua.

(b) Tupunguze chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe kijiko kimoja cha chai kwa siku, pamoja na ile iliyomo katika chakula kilichonunuliwa. Kikopo cha chumvi kiondolewe mezani.

(c) Turudie dona, maharage, mboga na matunda. Parachichi na ndizi tunazouza barabarani, tuwaachie na watoto wetu.

(d) Tutembee. Nusu saa kwa siku, siku tano kwa juma, inatosha kwa wale wasiolima.

(e) Tuache sigara, na anayekunywa apunguze au aache kabisa.

(f) Jikoni patobolewe dirisha, na moshi upate njia.

(g) Wasichana wapate chanjo; mama wapime mlango wa kizazi.

(h) Dalili za kiharusi tuzikariri kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha: mdomo unapinda, mkono unalegea, maneno yanakatika. Hata moja ikitokea ghafla, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo. Asipewe chakula wala maji, maana anaweza kupaliwa. Tusingojee asubuhi.

(i) Kanisa lenyewe lifanye kazi. Tunapendekeza mambo matatu. Mara nne kwa mwaka, baada ya ibada, mhudumu wa afya aalikwe na kipimo chake. Umoja wa Akina Mama, ambao hutembelea wagonjwa, utembelee pia wale wanaotumia vidonge na wanaoonekana wazima, ili kuuliza tu, “Dawa zipo? Umekwenda kliniki?” Na chai ya parokia iletwe bila sukari, anayetaka ajitilie mwenyewe.

Mwaka 1973 wazazi wetu, wengi wao wakiwa ndio kwanza wamejifunza kusoma, walikaa chini ya mti na radio moja, wakaamua kuchimba choo. Leo karibu kila mmoja wetu ana simu mfukoni na cheti cha shule ukutani. Hatuna sababu ya kushindwa na jambo la kunyoosha mkono ili tupimwe.

Neno la mwisho

Mjane wa mwenzetu alikubali kupimwa miezi michache baada ya mazishi. Naye alionekana ana presha, zaidi ya 160 kwa 100. Alianza dawa. Kila mwezi hupanda gari kwenda kliniki, na vidonge vyake huviweka juu ya kabati karibu na kitabu cha nyimbo, ili asivisahau asubuhi. Yumo katika kwaya mpaka sasa. Kwa jirani yule alikwenda mwenyewe, akiwa amechukua debe la viazi, akamwomba radhi.

Juzi tulikutana naye njiani, akatusalimu, “Kamwene, Mwalimu.” Hatukumjibu kwamba sura yake inaonyesha ni mzima. Tulimuuliza kama amekunywa dawa. Akacheka, akasema, “Nimekunywa. Na wewe, Mwalimu, umepima?” Tulikuwa hatujapima mwaka huo. Jumatatu yake tulikwenda.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Kumbukeni watu wazima watano mliowazika karibuni. Waliumwa nini? Je, walikuwa wamepimwa?
2. Katika nyumba yenu, chumvi inatiwa kiasi gani, nani anaitia, na mara ngapi?
3. Ni maneno gani ya msibani yamewahi kuwagombanisha majirani katika kijiji chenu? Yalikuwa na ukweli?
4. Mwenzenu akikuambieni ameacha vidonge kwa sababu anajisikia vizuri, mtamjibu nini?
5. Kabla ya kukutana tena, kila mwanakikundi akapimwe presha, aje na namba zake mbili zimeandikwa kwenye karatasi.